Nani Anatia Maji Mapipa ya Mjomba Tam

Nam Can, 5 Aprili 1999

Mpwa wangu Thoa,

Pokea salamu za mjomba wako kwanza, mengine yatafuata. Huku sote tunakula na kulala. Mkaza mjomba wako anaumwa jino lakini amekataa kuling'oa, anasema wameshazoeana. Mama yako hajambo. Yule bata aliyekudonoa wakati wa sikukuu ya mwaka mpya, Tet, tumemla, na nyama yake ilikuwa ngumu kama roho yake. Mimi mwenyewe nguvu zinazidi. Juzi nilimtoa kaa aliyeng'ang'ania pangaboi la mashine ya jirani, na nakwambia mashine ndiyo iliyozimika, kaa hakuzimika. Waulize watu.

Sasa jambo lenyewe.

Unajua kazi yangu ilivyokua. Wenzangu hapa wanakausha maganda ya kamba na kuwauzia wenye kuku. Mimi nayachemsha kwa magadi makali mpaka yanageuka vipande vyeupe, ile kitosani unayoisomea wewe huko, halafu navilowesha kwenye siki yangu mwenyewe vinakuwa uji mzito. Wakulima wa mabalungi wanakuja kuuchukua wakapake matunda yao yasioze njiani. Ukisimika kijiti cha kulia wali kwenye uji wangu, hakianguki. Mwaka jana mjusi alikipanda kijiti, akalala pale juu, akaamka, akateremka, kijiti kimesimama.

Basi tangu Tet kuna mtu ananitilia maji kwenye mapipa. Naacha uji mzito, nikirudi nakuta kitu kama maji ya kuoshea mchele. Wakulima wamerudisha madumu wakiniangalia kama mwizi. Mimi, Tam, niangaliwe hivyo.

Lakini si kila siku. Shule niliiacha darasa la tano kwa sababu mwalimu alinionea wivu, ila kalenda naisoma vizuri. Uji unaharibika baada ya mwezi mwandamo na baada ya mwezi mpevu. Siku hizo hizo mtu fulani huingia bandani kumchomea udi Ong Dia, mungu wetu wa ardhi, na kumwekea matunda. Akili yangu ikatua hapo.

Ufunguo wa banda tunao watu watatu. Mimi, mkaza mjomba wako, na wa tatu sitaki kumwandika hapa, maana barua zinapita mikono mingi. Simu ndiyo kabisa: yule binti wa posta anasikiliza huku anabangua mbegu za tikiti, mimi namsikia.

Nimempa dereva wa basi chupa mbili. Moja ya uji mzima, moja ya uji uliochezewa. Pima huko maabara, uniandikie kwa karatasi yenye mhuri kwamba maji yametiwa kiasi gani, nimwekee mtu huyo mbele ya macho yake.

Mama yako usimwambie.

Mjomba wako,
Tam


Nha Trang, 20 Aprili 1999

Shikamoo Mjomba,

Natumaini jino la mkaza mjomba limetulia. Mimi nipo salama, joto tu na kelele za mabweni. Chupa zimefika, moja imevuja kidogo lakini uji umebaki wa kutosha.

Mjomba, wenye ufunguo ni watatu na wawili umewataja. Anayemchomea udi Ong Dia ni mmoja tu nyumbani kwetu. Sasa sijui ulikuwa unamficha nani, na unamficha kwa nani.

Nakuomba jambo moja. Usimwambie Mama neno lolote mpaka nimalize kupima. Maabara ina foleni na mimi ni mwanafunzi, natumia vyombo wenzangu wakishaondoka. Nivumilie.

Mhuri sina. Nikikuandikia kwa mkono wangu, utaniamini?

Mpwa wako,
Thoa


Nam Can, 6 Mei 1999

Mpwa wangu Thoa,

Salamu kutoka kwa mtu mwenye mengi. Jino limetoka. Limetoka kwa mkono wangu, kwa uzi wa mshipi na mlango, na daktari wa meno wa mjini akisikia atafunga duka. Kamba wameanza kufa kwenye mabwawa ya watu, yangu hayajaguswa, maana kamba wananijua. Mama yako hajambo, ana kazi nyingi, usishangae asipokuandikia.

Mwezi mpevu umepita na uji umeyeyuka tena. Pipa la kwanza na la pili, hadi chini, nimeyamwaga mferejini.

Kuhusu kumwambia mtu neno, mimi si mtu wa maneno. Nimefanya nilichofanya kama mkubwa wa nyumba. Kufuli la banda nimebadilisha, ufunguo sasa ni mmoja na unalala shingoni mwangu.

Wewe unachelewa sana. Chupa mbili tu. Au kuna mtu huko amekwambia uchelewe?

Mjomba wako,
Tam


Nha Trang, 19 Mei 1999

Shikamoo Mjomba,

Pole kwa mkaza mjomba, na pole kwa mlango. Hapa tumeanza mitihani. Nakula vizuri.

Majibu ni haya, nayaandika pole pole ili tusigombane bure.

Nilichukua kipimo sawa kutoka chupa zote mbili nikakausha. Kama uji wa pili ungekuwa umetiwa maji, ukikauka ungebaki kidogo kuliko wa kwanza. Haikuwa hivyo. Mabaki yamekuwa sawasawa. Nimerudia, na rafiki yangu amerudia bila kujua nini natafuta. Mjomba, hakuna aliyetia maji. Si Mama, si mtu yeyote.

Kilichotokea ni kingine. Kitosani ni kama nyuzi ndefu sana. Uji wako ni mzito kwa sababu nyuzi zimesokotana, kijiti kinasimama ndani yake kama kimeshikwa na wavu. Katika chupa ya pili nyuzi zote zipo, ila zimekatwa vipande vifupi. Wavu uliokatwakatwa haushiki kijiti.

Kuna vitu vinavyokata hivyo, tunaviita vimeng'enya. Vinatoka kwenye vitu vyenye uhai, ndani ya matumbo ya samaki, kwenye utomvu wa mimea, kwenye ukungu. Kila kimoja kina kazi yake ya kukata au kuunganisha. Usiseme ni hadithi za chuo: dagaa wa marehemu Bibi waligeuka mchuzi wa samaki pipani kwa kazi hiyo hiyo, hakuna aliyewapiga kisu.

Kwa hiyo kuna kitu kinaingia kwenye uji wako. Nadhani kinapitia kwenye siki. Nitumie siki kidogo, ile ile unayoloweshea, na uniambie unailisha nini.

Msalimie Mama, kama yuko karibu.

Thoa


Nam Can, 22 Juni 1999

Mpwa wangu,

Mvua zimekuja na vyura wamehamia jikoni. Sote tunapumua. Mkaza mjomba wako anakusalimu, analalamika kwamba kumbukumbu ya kifo cha bibi yako inakaribia, tarehe ishirini ya mwezi wa sita wa mwandamo, na yeye peke yake hawezi kupikia ukoo mzima. Nimemwambia nitapika mimi. Zamani nilipikia kikosi kizima kwa sufuria moja na samaki mmoja, na mkia ulibaki.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Nyuzi, wavu, mkasi usioonekana. Nikacheka, kisha nikaacha kucheka, maana nilianza kujiuliza: kwa nini huyu mtoto anataka siki yangu? Hiyo siki ina mama yake, ule utando unaoelea juu, na utando huo bibi yako aliubeba kwenye chupa ndani ya kofia yake wakati mabomu yanaanguka. Kila mtu hapa anajua siki yangu inaweza kuyeyusha msumari. Nikajiuliza tena: mwalimu wake anataka nini? Labda anataka awe anauza uji yeye. Watu wenye miwani siwaamini sana.

Lakini wewe ni damu yangu, basi nimetuma. Mpe mwalimu aonje, atalia. Ninachoilisha ni siri ya nyumba.

Jambo lingine. Kufuli jipya lipo na ufunguo ni huu hapa shingoni, na uji bado unayeyuka. Mwandamo umeyeyuka, mpevu umeyeyuka. Nimemtazama sana mkaza mjomba wako. Nimemtazama mpaka ameniuliza kama na mimi jino linauma. Labda kuna mtu alichonga ufunguo wa pili kabla hajaondoka.

Mjomba wako,
Tam


Nha Trang, 5 Julai 1999

Shikamoo Mjomba,

Sina habari nyingi za kutanguliza. Nimefaulu mitihani.

Siki uliyonitumia ni ya chupa ya dukani. Haina utando, haina harufu ya tunda, haina hata kitone cha kitu kilichowahi kuwa hai. Niliiweka kwenye uji mzuri na uji ukabaki mzito. Ningekuwa mtu mwingine ningesema basi, siki haina kosa, aliyekosa ni mwenye ufunguo. Nilitaka kuamini ulikosea chupa. Lakini hukukosea, Mjomba.

Umeandika "kabla hajaondoka". Sasa na mimi nitasema nililolinyamazia. Mama aliniandikia mwezi Mei. Najua umemwambia mbele ya mkaza mjomba na majirani kwamba anatia maji, na kwamba mjane anayelishwa na kaka yake asimtilie kaka maji. Najua yuko Dam Doi kwa ndugu za marehemu Baba, analala jikoni kwao. Hakunituma nikuambie. Aliniomba niseme sijui, nami nikasema sijui, nikapima.

Mlipogawana utando wa siki ya Bibi, Mama naye alikata kipande chake, na alipofukuzwa alikibeba. Nilimwomba anitumie siki yake. Utando ni ule ule, Mjomba, mtoto wa mama mmoja. Nimeitia kwenye uji: uji haukuyeyuka. Yeye anailisha ndizi mbivu na maji ya nazi, kama Bibi. Nikamuuliza: na kaka yako je? Akaniandikia mstari mmoja: "Matunda yakishashushwa kwa Ong Dia, yeye huchukua nanasi akalipondee kwenye siki, anasema lina baraka."

Nanasi bichi, Mjomba. Nanasi lina kimeng'enya kinachokata. Ndicho kinachowasha ulimi ukila jingi, na ndicho mkaza mjomba anachotumia kulainisha nyama ya bata mgumu. Nimeponda nanasi nikalitia kwenye siki ya Mama: uji ukayeyuka. Nimelichemsha nanasi kwanza, kisha nikalitia: uji ukabaki mzito, kwa sababu moto unakiua. Mama alikuwa analeta nanasi mwandamo na mpevu, na alipoondoka bila shaka mkaza mjomba ameendelea. Wewe unaliponda mwandamo na mpevu. Aliyekuwa anakata ni mkono wako.

Na ujue jambo la kushangaza. Sisi hapa tunanunua unga wa utomvu wa papai ili tukate kitosani makusudi. Vipande vifupi vikipuliziwa kwenye pilipili, majani yanapigana na magonjwa vizuri zaidi. Ulichomwaga mferejini ndicho tunachohangaika kutengeneza.

Lakini sikuandika kwa ajili ya pilipili. Kumbukumbu ya Bibi ni tarehe ishirini ya mwezi wa mwandamo. Mama amesema hataingia nyumba ambayo watu wanamjua kama mtia maji. Sitakuja mimi pia kama yeye hayupo.

Thoa


Nam Can, 15 Julai 1999

Thoa,

Barua imefika. Mwezi umeandama juzi. Nina kazi bandani.

Tam


Nam Can, 3 Agosti 1999

Mpwa wangu Thoa,

Salamu nyingi, na pole kwa homa uliyosema imekuzuia kusafiri. Najua haikuwa homa, lakini nami nimekuandikia mengi ambayo hayakuwa, kwa hiyo tuiite homa. Mkaza mjomba wako mzima. Mvua bado. Vyura wameshinda, jiko ni lao.

Nikuhadithie kwa mpangilio.

Uliposema nanasi, nilikasirika mpaka nikataka kuichana ile karatasi. Nikasema mtoto huyu ametumwa na mama yake. Lakini mwandamo ulipofika, mkaza mjomba wako akaweka matunda kwa Ong Dia, udi ukaisha, nikaingia peke yangu na kujifungia kwa ndani. Nikachukua ndoo mbili za uji wa pipa moja. Hii nikatia siki yenye nanasi. Hii nikatia siki yenye nanasi lililochemka. Nikasimika kijiti huku na kijiti kule, nikavuta kigoda. Ong Dia naye ananitazama na lile tumbo lake, anacheka kama kawaida. Thoa, sikutoka mle mpaka kijiti kimoja kilipolala, kile cha nanasi bichi.

Nikapanda mtumbwi wa abiria nikaenda Dam Doi. Mama yako alikuwa anaparua samaki uani.

Nikamwambia kwa jina lake la nyumbani, "Ut, wifi yako hawezi kupika peke yake."

Hakuinua kichwa. "Nani anauliza, kaka au mwenye kufuli?"

Nikavua ufunguo shingoni nikaweka kwenye karai lake. Akautoa kwa ncha ya kisu kama utumbo wa samaki, akauweka pembeni.

"Ulinisema mbele ya watu," akasema. "Uani kwa watu huku hakuna anayehitaji kusikia kitu. Rudi nyumbani, unakanyaga magamba."

Nikarudi, ufunguo nikauacha kwake. Njiani nilitengeneza maneno mazuri sana, unajua mimi kwa maneno.

Siku ya kumbukumbu ukoo ulijaa tangu asubuhi. Mikeka yote imetandikwa, wazee kule, wanawake huku. Mama yako akaja. Alikuja kwa ajili ya marehemu mama yetu, si kwa ajili yangu, na uso wake ulilisema hilo wazi. Mkononi ana nanasi. Akaliweka mbele ya picha, akachoma udi, akasimama pembeni na wageni, kama mtu asiyejua jiko liko wapi. Nikaona watu wanavyomtazama. Shangazi yetu anayekaa Cai Nuoc akasogeza chungu cha mchuzi mbali naye, eti utani, akasema, "Mchuzi usije ukaongezeka maji."

Watu wakacheka. Basi nikasimama.

Nikasema, "Sikilizeni. Ut hakutia maji. Aliyeharibu uji ni mimi. Nanasi nililotia kwenye siki lina mkasi ndani usioonekana, ukakata nyuzi za uji."

Thoa, walicheka mpaka mzee mmoja akapaliwa na wali. Wakasema, "Haya, tumeanza. Jana kaa, leo nanasi lenye mkasi." Mwingine akasema, "Anamfunika dada yake, ana moyo mzuri Tam." Shangazi akampigapiga mama yako begani, kama mwizi aliyesamehewa.

Miaka yote hii nimesema nimezima mashine kwa kaa, nimepikia kikosi kwa samaki mmoja, na hakuna aliyebisha. Siku moja nasema jambo lililo sawa, hakuna anayenisadiki.

Mama yako hakucheka.

Udi ulikuwa umeisha. Nikalishusha nanasi la mama yetu nikiwa sijamuuliza mtu. Nikaenda bandani, maana tangu nitoke Dam Doi silifungi tena, nikaviringisha pipa zima la uji mzito, lile la watu wa mabalungi wa mwisho walionibakia, nikaliweka katikati ya ua. Nikamwita shangazi wa Cai Nuoc. Nikamwambia, "Simika kijiti chako mwenyewe." Akasimika. Kikasimama. Nikalikata nanasi mbele yao, nikalikamua lote mle, nikakoroga kwa mwiko mpaka chini, shangazi akasimika tena. Kikasimama tena.

"Na sasa?" wakauliza.

"Sasa kuleni," nikasema. "Hamtoki hapa mpaka kimelala."

Nikakaa chini kando ya pipa. Wakala, wakanywa, wakanichokoza niwape kisa cha mamba. Sikutoa kisa. Mkaza mjomba wako akaja kunigusa kipaji cha uso, anadhani naumwa. Chai ikaletwa. Watoto ndio walioona kwanza, wakaita. Kijiti kilikuwa kimeinama kama mzee anayesinzia. Watu wakainuka kwenye mikeka mmoja mmoja, wakazunguka pipa. Kikaendelea kuinama, kisha kikalala, kikazama nusu.

Shangazi wa Cai Nuoc akatia kidole, akakitoa, uji ukamchuruzika kama maji. Akasema, "Kumbe." Hilo tu. Akaenda akakirudisha kile chungu cha mchuzi pale alipokuwa mama yako.

Mama yako akakiokota kijiti kwenye pipa. Akakifuta kwa kitambaa cha kiunoni, akatafuta mwenzake, akanikabidhi vyote viwili pamoja na bakuli.

"Kula, kaka," akasema. "Chakula kimepoa."

Nilikula kimepoa hivyo hivyo.

Lile pipa hatukulimwaga. Mama yako anataka tupulizie pilipili za jirani tuone kama mwalimu wako anasema kweli. Mwambie mwalimu, kwa heshima, kwamba kuna mtu Nam Can aliyekuwa anakata nyuzi tangu Tet bila papai wala miwani. Asipoamini, asije kwangu. Aje kwa mama yako. Ufunguo anao yeye. Mimi nikitaka kuingia bandani, nabisha hodi.

Mjomba wako,
Tam